Nipeni Mji: Kuchagua Mji wa Kuanzia katika Mchezo wa Kutambua Stesheni za Chini ya Ardhi kwa Picha

Kitendawili kinapowashinda wateguaji, mtegaji huwaambia, "Nipeni mji," nao humpa mji wanaoutaka kabla hajawafunulia jibu. Katika kundi letu dogo la wapenzi wa reli hapa Mbeya, ambalo hukutana jioni za Jumamosi katika mgahawa mmoja wa Iyunga, si mbali na stesheni ya TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia, kauli hiyo imepata kazi mpya. Kila wiki mmoja wetu huleta picha ya stesheni ya reli ya chini ya ardhi ya mji fulani duniani, jina likiwa limefunikwa, na wengine hujaribu kutaja kwanza mji, kisha stesheni yenyewe. Tukishindwa, mtegaji hudai mji, nasi humpa stesheni mojawapo ya reli yetu wenyewe, Makambako au Mlimba au Tunduma, naye husema amekwenda huko, amekula akashiba, na sasa yuko tayari kutupa jibu.

Wapenzi wengine wa reli wa Njombe, na hata wa Iringa ambako reli haifiki mjini, wametuuliza zaidi ya mara moja waanze na mji upi, kwa sababu miji yenye reli za chini ya ardhi ni mingi na picha zake mtandaoni hazina idadi. Wengi hudhani kwamba inafaa kuanza na mji wenye stesheni nzuri kuliko zote. Sisi tulianza hivyo, tukajikuta tunasifu picha badala ya kuzitegua, na baada ya wiki tatu mchezo ulikuwa umegeuka maonyesho. Yafuatayo yanatokana na takriban mwaka mzima wa kutega na kuteguliwa, na yeyote anayekusudia kuanzisha mchezo huu anaweza kuyapima kulingana na watu alionao.

Kipimo chetu kinahitaji maelezo kidogo. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kupanda treni ya chini ya ardhi. Tanzania haina reli ya namna hiyo, na mahandaki tunayoyafahamu ni yale ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako, ambayo treni huyapita gizani bila abiria kushuka humo. Mchezo unaotegemea kumbukumbu za mtu aliyewahi kupita mahali fulani hautufai, kwa kuwa sote tungebaki tukibahatisha tu. Mji unaotufaa ni ule ambao picha ya stesheni yake imebeba dalili zinazoweza kusomwa na mtu mwenye macho makini, hata kama safari yake ndefu kuliko zote ni ya kwenda Kapiri Mposhi, mwisho wa TAZARA upande wa Zambia, na kurudi.

London na Mexico City

Nimeiweka miji hii miwili pamoja kwa sababu yote miwili imejaa vitendawili halisi, vilivyowekwa ukutani na wabunifu waliokusudia abiria avitegue.

Reli ya chini ya ardhi ya London ndiyo kongwe kuliko zote duniani. Ilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863 kati ya Paddington na Farringdon, wakati treni zake zikivutwa na vichwa vya mvuke, na leo ina stesheni 272. Ukubwa huo ni neema na ni mtego. Mtu anayechagua picha yoyote ya London atajikuta mara nyingi ana jukwaa lililo wazi juani, kwa kuwa chini ya nusu ya njia zake zimo ndani ya mahandaki, na jukwaa la namna hiyo lenye paa la kawaida na benchi halimpi mteguaji chochote cha kushika. Tulipotegewa picha tatu mfululizo za stesheni za pembezoni, mwalimu mmoja mstaafu wa kundi letu alisema waziwazi kwamba hiki si kitendawili bali ni kuagua, na ilibidi tukubaliane naye.

Tiba ya London ni kuchagua njia moja badala ya mji mzima, na njia hiyo ni Victoria Line, iliyofunguliwa kwa awamu kuanzia 1968 hadi 1971. Ina stesheni 16, na katika kila moja vigae vya sehemu za kukalia jukwaani vimepambwa kwa picha inayohusu mahali hapo, mara nyingi ikichezea jina lake. Seven Sisters, yaani dada saba, ina miti saba. Blackhorse Road ina farasi mweusi, kama jina lake linavyosema. Stesheni ya Victoria ina sura ya malkia mwenye jina hilo, na Stockwell ina batamaji kwa sababu ya kilabu cha pombe kilicho karibu kinachoitwa kwa jina la ndege huyo. Warren Street ina mzingile, kwa kuwa jina lake kwa Kiingereza lina maana ya mashimo ya sungura ambayo mwenye kuingia hajui atatokea wapi. Inayotuchekesha kuliko zote ni Brixton, ambayo vigae vyake vinaonyesha matofali. Waingereza husema ni tani ya matofali, na ukitamka haraka kwa lugha yao neno la matofali likifuatwa na neno la tani, unapata jina la stesheni. Bibi zetu wasingeona jambo geni hapo, maana chemshabongo za kuchezea sauti za maneno ndizo walizotulea nazo.

Ukitaka London ya zamani zaidi, zipo stesheni alizozibuni Leslie Green, zilizofunguliwa mwaka 1906 na 1907, ambazo kwa nje zina vigae vya rangi ya damu ya mzee na madirisha makubwa ya nusu duara, na ndani kila stesheni ilipewa mpangilio wake wa vigae vya rangi ili abiria atambue alipofika. Green alifariki mwaka 1908 akiwa na umri wa miaka 33, na kazi yake bado inasomeka ukutani. Kwa waliobobea kuna dalili nyingine: mwaka 2013, reli hiyo ilipotimiza miaka 150, msanii Mark Wallinger aliweka mchoro wa mzingile mweusi na mweupe katika kila stesheni, jumla ya 270 zilizokuwepo wakati huo, na hakuna miwili inayofanana. Mtegaji asiyeufunika mchoro huo amekwisha kutoa jibu bila kujua.

Kasoro kubwa ya London kwetu ni lugha. Mafumbo yake yanafumbuliwa kwa Kiingereza, na asiyekijua vizuri anabaki mtazamaji. Ndiyo maana nikilinganisha miji hii miwili ninaipa Mexico City nafasi ya kwanza, ingawa najua baadhi ya wenzangu hawatakubali.

Reli ya chini ya ardhi ya Mexico City ilifunguliwa Septemba 1969, na tangu mwanzo kila stesheni ilipewa alama yake ya picha. Mbunifu wa alama za mwanzo alikuwa Mmarekani Lance Wyman, na mojawapo ya sababu za kuziweka ilikuwa kwamba wakazi wengi wa mji wakati huo hawakujua kusoma, hivyo mtu aliweza kuelekezwa ashuke kwenye panzi au kwenye kengele bila kulazimika kusoma herufi hata moja. Panzi ni Chapultepec, kwa sababu jina hilo katika lugha ya Kinahuatl linamaanisha kilima cha panzi. Kengele ni Insurgentes, mzinga ni Balderas, na mnyama wa jamii ya mbweha ni Coyoacán. Pino Suárez ina piramidi, kwa kuwa wachimbaji wa reli walikutana na hekalu dogo la Waazteki mahali hapo, na hekalu hilo likaachwa lionekane ndani ya stesheni hadi leo. Mandhari ya alama hufuata rangi ya njia, kwa hiyo mteguaji makini atajua njia kabla hajajua stesheni, na akiona rangi mbili katika alama moja atajua kuwa hapo ni mahali pa kubadilishia treni.

Jioni tuliyotega alama ya kasha lililojaa matufaa, mama mmoja anayefanya biashara Mwanjelwa, ambaye katika vitendawili vya London alikuwa kimya kama maji ya mtungini, alijibu kabla wengine hawajamaliza kuitazama picha: "Hapo ni sokoni, tena soko la jumla, maana matunda hayajapangwa mafungu." Stesheni hiyo ni Merced, iliyo kwenye soko kubwa la La Merced. Hakulijua jina, na kwa kanuni za wakati huo hakustahili alama kamili, lakini hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumnyima. Tangu siku hiyo tulibadili kanuni: kwa Mexico City, anayetaja maana ya mahali hupata alama sawa na anayetaja jina. Kanuni hiyo inafaa pia kwa watoto, na inawapa watu wa kwetu nafasi ya kufikiri kama wanavyofikiri kuhusu majina ya hapa, kwani hata jina la Mbeya husimuliwa kwamba limetokana na neno la Kisafwa lenye maana ya chumvi.

Mexico City ina upungufu mmoja ambao ni haki kuutaja. Ukiziondoa alama, majukwaa yenyewe hayatofautiani sana, na aliyezikariri alama zote hana tena cha kutegua. Njia moja ya alama ilitutosha wiki tano, na tulipotaka kuirudia tulikuta vijana wawili wameshazihifadhi zote kichwani kama meza ya kuzidisha.

Kutazama chini kabla ya kutazama ukutani

Kabla sijaendelea na miji mingine, ni lazima nieleze jambo tulilofundishwa na mzee wetu aliyestaafu kazi ya kutunza njia ya reli, kwa sababu linabadilisha namna ya kuilinganisha miji hii. Sisi wengine tukipewa picha tunatazama dari na kuta. Yeye hutazama reli.

London hutumia mfumo wa reli nne: mbili za kubeba magurudumu na mbili za kupitisha umeme, moja pembeni na nyingine katikati. Picha yoyote inayoonyesha reli ya ziada iliyolala katikati ya njia humfanya mzee aseme London hata kabla hujaifunika picha vizuri. Mexico City kwa sehemu kubwa hutumia treni za matairi ya mpira, teknolojia iliyotoka Ufaransa, hivyo kando ya reli za chuma kuna njia pana za kukanyagia matairi pamoja na vyuma vya kuongoza vilivyosimama pembeni. Njia za namna hiyo zipo pia katika baadhi ya njia za Paris na katika Montreal yote, kwa hiyo dalili hiyo inapunguza miji bila kumaliza kazi, na hiyo ndiyo dalili nzuri kwa mchezo. Moscow ina upana wa reli wa milimita 1,520, ambao jicho lililozoea TAZARA yenye milimita 1,067 huuona mara moja kuwa ni mpana mno. Kinyume chake, njia kadhaa za Tokyo zina upana uleule wa milimita 1,067, na siku mzee alipoambiwa hivyo alivua miwani, akaifuta, akaomba picha iletwe tena aihakikishe mwenyewe.

Kwa sababu hiyo ninashauri kwamba kundi lenye watu waliowahi kufanya kazi ya reli lisichague picha za kuta peke yake. Picha inayoonyesha njia na ukingo wa jukwaa inawapa wastaafu ubingwa wao, na vijana wanaojua kutafuta mitandaoni hunyamaza kidogo wakasikiliza.

Moscow na Stockholm

Miji hii ndiyo ambayo kila mgeni wa mchezo huitamani kwanza, na ndiyo iliyotuharibia wiki zetu za mwanzo. Sisemi iachwe. Nasema ingoje.

Moscow ilifungua reli yake ya chini ya ardhi tarehe 15 Mei 1935, na stesheni zake za miongo ya mwanzo zilijengwa kama kumbi za kifalme kwa ajili ya watu wa kawaida. Mayakovskaya, ya mwaka 1938, ina michoro 34 ya vigae vidogo ndani ya dari, yote ikionyesha anga kwa mtu anayetazama juu. Novoslobodskaya ina vioo 32 vya rangi vinavyowaka kwa taa kutoka nyuma. Komsomolskaya ya njia ya mzunguko, iliyofunguliwa 1952, ina dari ya manjano ambayo hata asiyejali majengo huikumbuka. Tatizo ni kwamba fahari hii ni ya aina moja kwa macho yetu: marumaru, taa za vishada, nguzo na tao. Mteguaji hutaja Moscow ndani ya sekunde tano, kisha hana njia ya kutoka hapo hadi kwenye jina la stesheni, isipokuwa awe ameikariri.

Ipo picha moja ya Moscow ambayo ningeitega hata kwa wanaoanza, nayo ni ya Ploshchad Revolyutsii, stesheni yenye sanamu 76 za shaba za askari, wakulima, wanafunzi na wanamichezo walioinama chini ya tao. Mmoja wao ni mlinzi wa mpaka mwenye mbwa, na pua ya mbwa huyo inang'aa kama dhahabu wakati sehemu nyingine za shaba zimekolea weusi. Tuliuliza kwa nini, bila kudai jina. Mtoto wa miaka 11 aliyekuja na baba yake alijibu kwamba watu wanamshika. Ndivyo ilivyo: abiria wanaopita humgusa pua kwa kutafuta bahati. Jibu hilo lilipatikana kwa kutazama tu, na lilitufurahisha kuliko majina kumi yaliyokaririwa.

Stockholm ilianza mwaka 1950 na ina stesheni 100, ambazo zaidi ya 90 zina kazi za sanaa. Uzuri wake unatokana na mwamba. Katika njia ya buluu, iliyofunguliwa 1975, wajenzi hawakuficha mwamba nyuma ya kuta nyoofu, bali waliunyunyizia zege moja kwa moja na kuacha umbo la pango, kisha wasanii wakapaka rangi juu yake. Solna Centrum ina anga jekundu kali juu ya msitu mrefu wa kijani wa misonobari. Picha hiyo ilipotegwa, mtu wa Mafinga aliyekuwa mgeni wetu alisema bila kusita kwamba ni msitu wa Sao Hill jioni ya moto kichaa, na kwa kweli hatukuwa na hoja ya kumpinga zaidi ya ngazi za umeme zilizoonekana chini. Stadion ina upinde wa mvua, na Rådhuset ni pango la rangi ya udongo.

Nikilinganisha miji hii miwili peke yake, Stockholm inaishinda Moscow kwa sababu kila stesheni yake ina wazo lake, na mtu anaweza kubishana juu ya wazo. Katika T-Centralen, ambako Per Olof Ultvedt alichora majani na mashina ya buluu juu ya zege jeupe, kuna sehemu yenye vivuli vya watu wenye zana mikononi. Mzee wetu wa reli aliikazia macho picha hiyo kuliko nyingine yoyote. Alisema hao si abiria, ni waliochimba, na ndivyo: msanii aliwachora wafanyakazi waliojenga stesheni ile. Akaongeza kwamba angependa kuona vivuli kama hivyo kwenye ukuta wa stesheni ya Iyunga. Mtegaji alisahau kuandika alama za jioni ile, wala hakuna aliyezidai.

Hata hivyo Stockholm ina hasara moja kubwa katika zama hizi za simu janja, nayo ni umaarufu. Picha zake nzuri zimesambaa kiasi kwamba mtu akiipiga picha karatasi yako chini ya meza na kuitafutia kwa picha, jibu humjia kabla chai haijapoa.

Washington, mji wa mwisho

Reli ya chini ya ardhi ya Washington ilifunguliwa Machi 1976, miezi michache kabla ya TAZARA kukabidhiwa rasmi Julai mwaka huohuo, na nadhani hiyo ndiyo sababu ya siri inayonifanya niipende. Kwa mchezo wetu ni mji mgumu kupita kiasi. Msanifu Harry Weese alizipa stesheni zake za chini umbo moja: dari kubwa ya zege iliyopinda kama mtumbwi uliofudikizwa, ikiwa imegawanywa visanduku visanduku, mwanga wa taa zilizofichwa, na sakafu ya vigae vya pembe sita vya rangi ya udongo mwekundu. Zipo stesheni 98, na ukifunika jina, nyingi za zile za chini ya ardhi hugeuka pacha.

Mtu anayeanza mchezo kwa mji huu atawapoteza wenzake wote jioni ya kwanza. Lakini kwa kundi lililokwisha kukomaa, ninaamini hakuna mji unaoufikia, kwa sababu hapa mapambo hayasaidii na dalili zote ni za kireli. Je, jukwaa liko katikati ya njia mbili, au majukwaa ni mawili na njia ziko katikati? Je, dari mbili zinakatana, kama Metro Center, ambako njia zinapishana moja juu ya nyingine? Je, badala ya ukumbi mmoja mkubwa unaona handaki jembamba la treni moja tu? Ukiona hivyo, fikiria Forest Glen au Wheaton, zilizochimbwa chini sana. Forest Glen, iliyo takriban mita 60 chini ya ardhi, haina ngazi za umeme za kuwatoa abiria nje bali lifti tu, na Wheaton ina ngazi za umeme zenye urefu wa mita 70. Picha ya safu ya lifti, ambayo mtu wa kawaida angeipita bila kuitazama, ndiyo jibu lenyewe. Udanganyifu wa kutafuta kwa picha nao hauleti faida kubwa, kwa kuwa simu itakuambia ni Washington, jambo ambalo kila mtu mezani alikwisha kulisema, kisha itakuacha hapohapo.

Miji mingine kwa ufupi

Paris, iliyoanza Julai 1900, inafaa kwa picha moja moja na haitoshi kwa msimu mzima. Ile ya Arts et Métiers, iliyofunikwa kwa shaba kama tumbo la nyambizi, na ile ya Concorde, ambayo kila kigae kina herufi moja ya Azimio la Haki za Binadamu la 1789, zinastahili jioni zao. Glasgow ina stesheni 15 tu zilizopangwa kwa duara, imekuwepo tangu 1896, na upana wa reli yake wa milimita 1,219 ni wa kipekee, kwa hiyo watu wawili au watatu wanaweza kuimaliza kwa majuma machache. Cairo, ya mwaka 1987, ndiyo ya kwanza barani Afrika, na waliosoma madrasa wana nafasi nzuri kwa sababu maandishi ya Kiarabu hayawatishi. Stesheni iliyokuwa ikiitwa Mubarak ikapewa jina la Al-Shohadaa baada ya mapinduzi ya 2011 haikumsumbua hata mmoja wao, kwa kuwa neno shuhada tunalo. Tulichokosa kwa Cairo ni wingi wa picha nzuri tunazoruhusiwa kuzitumia.

Kwenye simu au kwenye karatasi

Picha tunazitoa kwenye hazina huria ya Wikimedia Commons, tukitaja jina la mpigapicha baada ya jibu kutolewa. Namna ya kuzifikisha kwa wateguaji ni jambo ambalo makundi mengi hulidharau, na kwa maoni yangu lina uzito karibu sawa na uchaguzi wa mji.

Kutega kwa WhatsApp kunawaunganisha walio mbali, na kwa kundi lenye watu wa Mbeya, Makambako na Tunduma hakuna njia nyingine iliyo nyepesi. Lakini picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na vigae vidogo ambavyo ndivyo dalili huwa ukungu mtupu. Nilijaribu kukwepa hilo kwa kutuma picha kama faili, ikaonekana safi kabisa, na chini yake likaonekana pia jina la faili, ambalo lilikuwa jina la stesheni. Nilijibiwa ndani ya dakika moja na watu tisa kwa mpigo, na hadi leo nikisimama kutega kuna anayeuliza kama nimelifunika na jina la faili. Anayetuma hivyo abadili jina kwanza, na akumbuke kwamba faili la namna hiyo hula bando zaidi.

Karatasi inafaa zaidi kwa wanaokaa pamoja. Picha iliyochapwa inazunguka mezani, inasogezwa kwenye taa, inageuzwa, na wazee wenye macho hafifu huitazama kwa lenzi. Ni lazima ichapwe kwa rangi, la sivyo Mexico City inapoteza nusu ya dalili zake na Stockholm inapoteza zote, ilhali Washington haipotezi chochote. Kwa kundi lisilo na fedha ya kuchapa kwa rangi, basi, Washington inaanza kupanda daraja, jambo ambalo sikulitarajia nilipoanza ulinganisho huu.

Kuhusu ukubwa wa picha, tumejaribu kuonyesha jukwaa zima mara moja, na tumejaribu kuonyesha kipande kidogo kwanza kisha kukipanua kwa hatua tatu. Hatua tatu zinafaa London na Stockholm. Haziifai Moscow, kwa sababu kipande cha marumaru ni marumaru tu, wala haziifai Mexico City, ambako nusu ya panzi haimwambii mtu chochote na panzi mzima anamwambia kila kitu.

Mtu akinitaka nimpangie, ningempa majuma matano ya alama za Mexico City akiwa na watoto au watu wa lugha mbalimbali, halafu stesheni 16 za Victoria Line akiwa na wanaokielewa Kiingereza, kisha Stockholm kwa karatasi za rangi na simu zote zikiwa kwenye kikapu katikati ya meza. Moscow ningeichomeka hapo katikati kwa picha moja moja. Kundi la wastaafu wa reli lingeweza kuruka yote hayo likaenda moja kwa moja Washington, na sisi wa Iyunga tumeshakubaliana kufika huko Julai, wakati baridi ya Mbeya inapowafanya watu wakae ndani kwa muda mrefu wakibishana juu ya jukwaa lililo katikati na majukwaa yaliyo pembeni.